Kufundisha Wanaotibu Majeraha Yasiyoonekana: Dawa Mpya za Ughaibuni na Kazi Iliyo Mikononi Mwetu Kibaha na Kisarawe



Katika vikao vya kamati zetu za parokia limeanza kusikika swali ambalo miaka michache iliyopita hakuna aliyekuwa akiliuliza. Wajumbe wamesikia redioni, au wametumiwa kwenye simu, habari za dawa mpya huko Ulaya na Marekani. Wanaambiwa kwamba mtu aliyeteswa na kumbukumbu mbaya kwa miaka kumi anapewa dawa hiyo mara moja au mara tatu tu, anakaa na mshauri wake, na anatoka akiwa mtu mwingine. Wanaambiwa pia kwamba kuna vyuo vinavyofundisha watoa tiba hiyo. Swali linalofuata ni la kawaida kwa watu wenye moyo wa kusaidia: je, tusichange tukampeleka muuguzi wetu mmoja akasome?

Makala hii inalenga kulijibu swali hilo kwa utulivu. Tutaeleza tiba hiyo ni nini, watoa tiba wake wanafundishwaje, sheria ya nchi inasemaje, na kuna tiba gani nyingine iliyokwisha kupimwa katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Tunaomba kila kamati iisome kabla ya kupanga bajeti, na wafadhili wetu waisome kabla ya kuchagua mahali pa kuweka sadaka zao.

Tatizo lenyewe kwanza

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Barabara ya Morogoro inapita katikati yake. Magari karibu yote yanayotoka Dar es Salaam kwenda bara kwa njia hiyo hupita hapo, na wengi wanaopata ajali barabarani hupelekwa Hospitali ya Tumbi.

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda wa Maili Moja. Aligongwa na lori, akavunjika mguu, abiria wake akafariki. Hospitali imemfunga mfupa na mfupa umeunga. Lakini hawezi kulala. Akisikia honi ya lori anatetemeka na kutoka jasho. Amekuwa mkali kwa mke wake, ameanza kunywa, na pikipiki imekaa ndani miezi minne bila kuwashwa. Majirani wanasema ana uvivu. Mama yake anasema amerogwa.

Tuchukue mfano mwingine wa mama wa Mzenga au Maneromango, Wilaya ya Kisarawe. Amemzika mumewe, ana watoto wanne, shamba la mihogo limeota majani. Hali chakula, hajisikii kuongea na mtu, asubuhi hana nguvu ya kuinuka kitandani. Akiulizwa anasema, "Nina mawazo mengi." Ndivyo watu wengi wa Pwani wanavyoutaja ugonjwa ambao hospitali inauita sonona. Hali ya yule kijana inaitwa msongo unaofuata kiwewe.

Wote wawili wanatibika. Hata hivyo, wengi wa aina yao hawafiki zahanati, na wakifika husema kichwa kinauma au moyo unaenda mbio, wakapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watu waliokwenda kwenye vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi uliozidi. Kwa waganga walikuwa asilimia 48, yaani mara mbili. Maana yake ni kwamba watu wetu wanatafuta msaada, na wanautafuta mahali ambapo kuna mtu wa kuwasikiliza kwa muda mrefu.

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Tanzania ina watu 61,741,120, na Mkoa wa Pwani una zaidi ya milioni 2. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache sana kulinganisha na idadi hiyo, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Yule mama wa Mzenga hatakutana na mmoja wao kwa urahisi. Kwa hiyo swali la nani afundishwe, na afundishwe nini, ni swali la msingi.

Dawa hizi mpya ni zipi?

Wataalamu wanaziita dawa za saikedeliki, yaani dawa zinazobadilisha kwa muda jinsi mtu anavyoona, anavyohisi na anavyofikiri. Zinazozungumzwa zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni silosaibini, inayopatikana katika aina fulani za uyoga. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa watu 233 wenye sonona sugu, kutoka nchi 10. Waliopewa kipimo kikubwa mara moja walipata nafuu kuliko wengine baada ya wiki tatu: asilimia 29 walikuwa wametoka kwenye dalili za sonona, ikilinganishwa na asilimia 8 ya waliopewa kipimo kidogo sana. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini yanaonyesha pia kwamba hata kwa kipimo kikubwa, watu saba kati ya kumi bado walikuwa na dalili.

Ya pili ni MDMA, ambayo mitaani huuzwa kama dawa ya kulevya ya kwenye madisko. Imejaribiwa kwa watu wenye msongo unaofuata kiwewe: askari, waliobakwa, walionusurika ajali. Tutaieleza zaidi hapa chini.

Ya tatu ni ketamini. Hii wauguzi wetu wanaijua. Ni dawa ya usingizi wa upasuaji inayotumika katika hospitali nyingi nchini, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya dawa muhimu. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha aina yake moja ya kupuliza puani kwa ajili ya sonona sugu, itolewe kituoni chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Kuwepo kwa ketamini katika chumba cha upasuaji hakumpi mtu ruhusa ya kuitumia kwa shughuli nyingine. Inapandisha shinikizo la damu, na ikizoeleka inaleta uraibu na kuharibu kibofu.

Mtoa tiba anafundishwaje huko?

Hapa ndipo habari za simu zinapopunguza ukweli. Msikilizaji anabaki akidhani dawa inafanya kazi peke yake. Hebu tuhesabu pamoja tiba ya MDMA kama ilivyofanywa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021.

Kila mgonjwa alikuwa na watoa tiba wawili. Walianza na vikao 3 vya maandalizi, kila kimoja saa moja na nusu. Halafu vikao 3 vya dawa, kila kimoja kama saa 8. Baada ya kila kikao cha dawa vilifuata vikao 3 vya kuzungumza na kuunganisha yale mgonjwa aliyoyaona na maisha yake ya kila siku, jumla vikao 9 vya saa moja na nusu. Ukijumlisha ni saa 42. Kwa kuwa watoa tiba ni wawili, ni saa 84 za kazi kwa mgonjwa mmoja.

Utafiti huo ulikuwa na watu 90. Miongoni mwa waliopewa dawa pamoja na mazungumzo, asilimia 67 hawakuwa tena na ugonjwa huo mwishoni. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa pamoja na mazungumzo yale yale, walikuwa asilimia 32. Tunaomba kamati ziitazame namba hii ya pili. Karibu theluthi moja ya wagonjwa walipona bila MDMA yoyote. Walichopata ni kuandaliwa, kusikilizwa na kufuatiliwa na watu waliofundishwa.

Kuhusu masomo, jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako wananchi waliipigia kura huduma ya silosaibini mwaka 2020, linamtaka mhudumu asome saa 120 darasani na saa 40 za mazoezi kabla ya kupewa leseni. Vituo vya huduma vilifunguliwa mwaka 2023. Huko Australia, kuanzia Julai 2023, ni madaktari bingwa wa akili walioidhinishwa peke yao wanaoweza kuandika MDMA na silosaibini, kwa magonjwa maalumu tu. Gharama iliyoripotiwa huko inazidi dola 20,000 za Australia kwa mgonjwa mmoja.

Masomo yenyewe yanahusu nini? Kuchuja wagonjwa, maana dawa hizi zinaweza kumwathiri vibaya mwenye historia ya kuchanganyikiwa, na baadhi yake ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kukaa na mtu anayelia au kuogopa kwa saa nyingi bila kumwingilia. Kujua wakati wa kumwita daktari. Na zaidi ya yote, mipaka: mtoa tiba amguse mgonjwa wakati gani, aseme nini, asiseme nini. Mtu aliye chini ya dawa hizi yuko wazi kama mtoto. Anaweza kukubali jambo ambalo akiwa na akili zake asingelikubali.

Mipaka hiyo imevunjwa. Katika utafiti mmoja uliofanyika Canada, watoa tiba wawili walionekana kwenye video ya mwaka 2015 wakimlalia na kumshikilia mgonjwa aliyekuwa katika hali ya fadhaa. Mwezi Agosti 2024 jarida la kitaaluma liliondoa makala tatu zilizohusiana na utafiti huo. Mwezi huo huo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha tiba ya MDMA na kutaka utafiti mkubwa mwingine ufanyike. Miongoni mwa hoja zilizojadiliwa ni kwamba wagonjwa wengi walitambua wenyewe kama wamepewa dawa ya kweli au la, jambo linalofanya matokeo yawe magumu kuaminiwa.

Sheria ya nchi yetu inasemaje?

Silosaibini na MDMA zimo katika jedwali la kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Hapa nchini zinadhibitiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kuziingiza, kuwa nazo au kuzigawa ni kosa la jinai, hata kama nia ni kutibu. Anayetaka kuzifanyia utafiti anapaswa kupata vibali vya mamlaka husika, ikiwemo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Parokia haiwezi kuwa mahali pa majaribio ya aina hiyo.

Hivyo muuguzi wetu akienda kusoma, akarudi na cheti, hatakuwa na ruhusa ya kukitumia Tumbi wala Kisarawe.

Hatusemi kwamba nchi yetu inakataa kila dawa yenye nguvu. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Vituo vingine vilifuata, Zanzibar na bara, ukiwemo wa Bagamoyo katika mkoa wetu. Methadoni yenyewe ni dawa ya kundi moja na heroini, lakini mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, anapata ushauri nasaha, na anafuatiliwa. Serikali iliandaa watu na utaratibu kwanza. Ikiwa siku moja silosaibini au nyingine itathibitika na kuruhusiwa, itaingia kwa mlango huo huo wa hospitali za umma. Na siku hiyo wanaohitajika kwanza watakuwa watu waliokwisha kujua kusikiliza, kuchuja, kutunza siri na kutoa rufaa.

Tiba iliyopimwa kwetu

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tunao mbachao wetu, tena umepimwa na wanasayansi.

Moshi na Bungoma. Huko Moshi, mkoani Kilimanjaro, na Bungoma nchini Kenya, watu wa kawaida wasiokuwa na elimu yoyote ya afya ya akili walifundishwa kuendesha tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Mpango huo uliitwa Pamoja Tunaweza. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalihusu watoto 640, nusu Tanzania na nusu Kenya, pamoja na walezi wao. Tiba ilipoisha, watoto waliopata huduma hiyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika sehemu tatu kati ya nne. Baada ya mwaka mmoja, tofauti hiyo ilibaki wazi upande wa Kenya. Upande wa Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wameendelea vizuri kwa kiwango kinachokaribiana. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wafadhili wana haki ya kujua matokeo yote, hata yale yasiyopendeza kwenye ripoti.

Nairobi. WHO iliandaa mwongozo wa vikao 5 kwa ajili ya watu wenye sonona, wasiwasi na msongo, unaoweza kutolewa na mtu asiye mtaalamu. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421 waliopitia ukatili, na watoa huduma walikuwa wahudumu wa afya wa jamii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dalili zao zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida ya zahanati.

Harare. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusu watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa benchini, na asilimia 49.9 kwa wengine. Akina bibi hao walitumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, karibu sawa na "mawazo mengi" ya kwetu. Mpango huo umefika Zanzibar.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mwongozo wa WHO ni vikao 5 vya saa moja na nusu, jumla saa saba na nusu, kwa mshauri mmoja. Kwa saa zile 84 za mgonjwa mmoja wa MDMA, mshauri wetu angewafikia watu 11. Wagonjwa wa namna mbili hizi hawalingani kwa ukali wa ugonjwa, na hatudai kwamba tiba hizi zinalingana. Tunachosema ni kwamba wengi wa wanaoteseka Kibaha na Kisarawe hawajapewa hata hizo saa saba na nusu.

Mshauri wa parokia anajifunza nini?

Anayefaa kufundishwa si lazima awe msomi. Awe mtu anayejua kusoma na kuandika, anayeaminiwa na majirani wa dini zote, asiye na mdomo mwepesi, na mwenye muda. Katika Pwani yetu majirani wengi ni Waislamu, na ugonjwa wa mawazo haubagui. Mshauri anayemhudumia mtu kwa sharti la kusali naye amekwisha kuvuka mpaka.

Katika mwongozo wa WHO anajifunza mbinu nne. Ya kwanza ni kutuliza mwili kwa kupumua polepole. Yule kijana wa bodaboda ataanza hapa, maana mwili wake bado unaishi siku ya ajali. Ya pili ni kupanga matatizo: yanayotatulika, yasiyotatulika, na yasiyo na umuhimu, kisha kuchagua moja linalotatulika na kulifanyia kazi hatua kwa hatua. Ya tatu ni kurudia shughuli kidogo kidogo. Mama wa Mzenga haambiwi alime shamba lote. Anakubaliana na mshauri kwamba Jumanne atapalilia mistari miwili, na Alhamisi atakwenda kisimani na jirani yake. Ya nne ni kuimarisha watu wa kumtegemeza: ndugu, jumuiya, kikundi cha kuweka na kukopa.

Mshauri hasemi, "Jikaze." Hasemi, "Mwenzako ana shida kuliko wewe." Hatoi amri. Anauliza, anasikiliza, anarudia alichosikia. Kwa wengi wetu tuliozoea kutoa nasaha, hili ndilo somo gumu kuliko yote.

Anajifunza pia kuuliza bila woga kama mtu ana mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, na ana mpango, mshauri hamwachi peke yake. Anashirikisha mtu wa familia anayeaminiwa na mgonjwa, anahakikisha sumu za shambani na kamba zimeondolewa karibu naye, na anampeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtu anayesikia sauti, anayeanguka kifafa, au aliyeacha kula kabisa. Hao ni wa hospitali, na dawa zao zipo. Kazi ya mshauri ni kuwafikisha na kuhakikisha wanarudi kwa tarehe zao.

Jambo ambalo bajeti nyingi husahau

Semina ni rahisi kuchangia. Kuna bango, kuna picha ya pamoja, kuna vyeti. Kazi ngumu inaanza wiki inayofuata, mshauri anapokutana na mtu wa kweli na kugundua kwamba aliyoyasoma hayatoshi.

Katika mipango tuliyoitaja hapo juu, washauri hawakuachwa baada ya semina. Walisimamiwa. Walieleza kila mgonjwa alivyoendelea, walisahihishwa, walifanya igizo la kikao kigumu kabla ya kukiingia. Bila usimamizi huo mshauri husahau, hukata tamaa, au huanza kutoa nasaha zake mwenyewe. Wengine huugua wao wenyewe kwa kubeba mizigo ya watu.

Kwa hiyo bajeti ya mafunzo iwe na mambo haya: nauli ya msimamizi kutoka hospitali angalau mara moja kila wiki mbili, vocha ya simu, posho ya usafiri kwa washauri wa vijiji vya mbali vya Kisarawe ambako wakati wa masika hata pikipiki hupita kwa shida, chumba chenye mlango unaofungwa, na kabati yenye kufuli. Semina peke yake ni sehemu ndogo ya gharama. Ikiwa fedha zinatosha washauri ishirini bila usimamizi, au washauri wanane wenye usimamizi wa mwaka mzima, tunaomba mchague wanane.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kamati zitafute wahudumu hao katika vijiji vyao, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kabla ya kuanzisha kitu cha pembeni. Waganga wa jadi na viongozi wa misikiti nao wakaribishwe. Wagonjwa wanaanzia kwao, na rufaa ikitoka kwao itapokelewa kwa imani.

Maswali ya kamati kabla ya kupitisha fedha

1. Ni nani hapa parokiani watu humwendea wakiwa na shida, hata kabla hatujamchagua?
2. Nani atawasimamia washauri, na hospitali gani imekubali kupokea rufaa zao?
3. Mgonjwa akilalamika dhidi ya mshauri, atampelekea nani malalamiko yake, na mtu huyo asiwe ndugu wa mshauri?
4. Mshauri wa kiume atakutana wapi na mwanamke au mtoto, na nani atakuwa karibu bila kusikia mazungumzo?
5. Kumbukumbu za wagonjwa zitatunzwa wapi? (Zisisomwe kikaoni kamwe, hata bila majina. Kijiji kidogo hakihitaji jina.)
6. Mwaka wa pili utagharimiwa na nani?
7. Tutajuaje kwamba watu wanapona? Je, mshauri anauliza maswali yale yale mwanzoni na mwishoni, akaandika majibu?

Kamati itakayoweza kujibu maswali haya saba iko tayari. Ambayo haijaweza isione aibu. Ianze na swali la kwanza na la pili.

Tunahitimisha

Kanisa na afya ya akili si wageni wao kwa wao katika nchi hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye wamisionari wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Huduma ya kuwalaza wagonjwa inaendelea Lutindi hadi leo. Lakini yule kijana wa Maili Moja hahitaji kulazwa, na mama wa Mzenga hawezi kuwaacha watoto wanne. Wanahitaji mtu wa karibu anayejua anachofanya.

Kuhusu dawa za saikedeliki tutaendelea kufuatilia, na likitokea la maana tutawaeleza. Kwa sasa jibu letu kwa kamati ni hili: msimpeleke muuguzi wetu ughaibuni kusomea tiba asiyoruhusiwa kuitoa. Mfundisheni hapa kuwa msimamizi wa washauri. Na mtu yeyote akija kijijini akiuza uyoga au vidonge vya "kuponya mawazo", mpelekeni habari zake kwa serikali ya kijiji, kwa usalama wa watu wetu.

Kamati zinazotaka kuanza zituletee majina ya watu wawili au watatu kupitia kwa waratibu wa vigango, pamoja na majibu ya swali la kwanza na la pili. Kwenu wafadhili, ahsanteni kwa uvumilivu wenu na kwa kukubali kulipia nauli, vocha na kufuli, vitu visivyopigwa picha.